Kikombe Kisichouzwa

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Walikosea. Jina haling'ari, jina huitwa. Lisipoitwa hukaa gizani na mwenyewe kando yake, wakitazamana.

Msichana huyu alilijua hilo tangu utotoni. Kila duka lililouza vitu vyenye majina, vikombe, kalamu, vishikio vya funguo, alisimama, akazungusha kibao chake, akatafuta lake. Hakuwahi kulipata. Ya wenzake yalijaa, mengine yakirundikana matatu matatu kwenye msumari mmoja, naye akawa anatoka mikono mitupu kama aliyekwenda harusini bila kualikwa. Shule nzima alikuwa peke yake. Alipoajiriwa kutangaza kwenye kituo cha mabasi, akapitisha mdomoni majina ya abiria wa kila aina, wa pili wake hakumwona.

Jina lenyewe silitaji. Walio nalo ni wachache kiasi kwamba kulitaja ni kumnyooshea mtu kidole. Kazini walimwita Sauti, nami nitamwita hivyo hivyo mpaka mwenyewe akatae.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza kwenye kituo kikuu, amehamishwa kutoka kituo kidogo cha pembeni. Saa ya mapumziko alishuka kutoka chumba cha matangazo akiwa na sketi ya bluu ya sare, kitambaa cha njano shingoni, viatu bapa vya mtu anayepanda ngazi mara nyingi. Ukumbi ulikuwa umefurika. Magurudumu ya masanduku yalikwaruza sakafu, maganda ya machungwa yalinuka pamoja na dizeli, na kila mtu alikuwa anachelewa kwenda mahali. Kati ya madirisha ya tiketi na mlango wa kutokea mabasi kulikuwa na kibanda cha kuchapa vikombe. Mguu wake ukasimama wenyewe.

"Karibu, dada. Unatafuta la nani?"

Kijana aliyeuliza alikuwa amekunja mikono ya shati, aproni ina madoa ya wino, penseli nyuma ya sikio.

"Langu."

"Taja, nikutafutie."

"Usijisumbue, kaka. Halipo. Halijawahi kuwepo popote."

"Hapa nina majina mia tatu."

"Basi langu ni la mia tatu na moja."

Alicheka, akavaa glavu nene, akatoa kikombe cha moto kwenye mashine ya kubana. "Kila mteja husema hivyo. Mnapenda kujifanya adimu."

Macho ya Sauti yalikuwa yamepanda rafu hadi rafu mpaka ya juu kabisa, karibu na dari. Pale palikuwa na kikombe kimoja tu, cheupe, kimefutwa vumbi vizuri kuliko vyote vya chini. Alisoma kilichoandikwa. Akasoma tena, kama mtu aliyejiona kwenye kioo cha nyumba ya watu.

"Nipe kile."

Kijana hakugeuka hata kukitazama. "Kile hakiuzwi."

"Nitalipa mara mbili."

"Hata mara kumi, dada. Chagua kingine."

"Nichague jina lingine? Kwani ni viatu?"

Akakivuta kitambulisho chake kutoka chini ya kile kitambaa cha njano, akakiweka juu ya meza, kwa upande wa jina. Kijana aliinama kukisoma. Kikombe cha moto kikamponyoka kwenye glavu, kikapasuka miguuni pake, naye hakukiangalia.

"Nani alikupa jina hili?" Sauti yake ya biashara ilikuwa imekwisha.

"Wazazi. Nani mwingine hutoa majina?"

"Walilitoa wapi?"

"Na wewe umelitoa wapi?"

Kijana akachukua ufagio, akaanza kufagia vigae. Sauti aliona anafagia pale pale palipokwisha kuwa safi. Alirudi juu kazini na swali lake mkononi.

*

Kesho yake kijana alipanda ngazi mpaka kwenye kioo cha chumba cha matangazo, akagonga kwa kucha.

"Nimekuja kuomba nisalimiwe kwenye kipaza sauti."

"Aliyekuwa hapa kabla yangu alimtakia mchumba wake siku njema kwenye kipaza sauti hiki hiki. Unajua yuko wapi sasa?"

"Wapi?"

"Nyumbani kwao, anatangazia kuku. Shuka, Bwana Vikombe, mkuu wa kituo asije akanifukuza na mimi."

Alishuka, lakini jioni alimngoja langoni. Na jioni iliyofuata. Mapenzi ya watu wa kituoni hayana bustani. Yalikuwa kwenye benchi la abiria, wakila karanga, wakibuni safari za wasiowajua. Sauti alianza kupiga pasi sare yake kwa uangalifu uliowashangaza nyumbani. Bwana Vikombe alianza kunyoa kila asubuhi. Usiku ulipoanza kuingia, simu zilifuata.

"Hujalala, kipaza sauti changu?"

"Nimelala. Anayeongea ni kanda."

"Basi iambie kanda nimeikumbuka."

"Umeniacha langoni hata chai haijapoa."

"Ndiyo maana nasema kanda. Wewe ungesema nawe umenikumbuka."

Kisha, kila mara, kijana alirudia swali lile lile, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia.

"Jina lako lina maana gani?"

"Inategemea umemuuliza nani. Baba alisema ni la mama wa babu yake, maana yake asiyetikisika. Mwalimu wangu wa sekondari akasema limetoka ng'ambo, maana yake mwanga wa mwezi. Shangazi yeye akasema halina maana yoyote, ni makuu tu ya baba yangu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilitafuta kwenye simu. Kuna ukurasa unajua maana ya kila jina chini ya jua. Langu ukaandika: asili haijulikani, maana haijulikani, umaarufu hauna takwimu. Nikajiona kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake."

Alimsikia akicheka puani. Kijana akamweleza mambo ya biashara yake: kwamba majina yana misimu kama matunda. Kuna mwaka mwigizaji fulani anapendwa, na baada ya miaka mitano kila mama anayekuja kibandani anataka kikombe cha binti mwenye jina lile. Kuna majina ya mabibi yaliyokufa, yakafufuka yakiwa ya vitoto vya miaka miwili. "Wewe hujawahi kuwa na mwaka wako," akasema. "Ningejua nani aliyelipanda, ningejua kwa nini halikuota."

"Na kile cha juu, umekichapa kwa msimu gani?"

Kijana akakohoa.

"Sauti, mtandao unakatika."

"Mtandao, au wewe?"

Aliyaona, msidhani hakuyaona. Aliona kwamba mpenzi wake anaweza kumwita Sauti, kipaza sauti, kasuku wangu, pumzi yangu, ila siku zote huliruka jina lake kama mtu anavyoruka dimbwi. Aliona pia kikombe kimoja cha zamani cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni, ambamo kijana aliweka kalamu zake. Siku moja alikichukua akitaka kukiosha. Kijana alimshika mkono, si kwa nguvu, lakini si kwa mchezo.

"Hicho hakioshwi."

"Kibanda hiki kina mambo. Hiki hakiuzwi, hiki hakioshwi. Kuna kinachokumbatiwa?"

"Kipo," akasema, na akamvutia kwake mbele ya foleni nzima ya tiketi, na Sauti akasahau kuuliza.

*

Aliyemkumbusha ni dada mkata tiketi wa dirisha la pili. Alimvuta pembeni, mdomo umemjaa maneno.

"Shoga, nikuambie au ninyamaze?"

"Umeshaanza, maliza."

"Huyu wako ana mtu. Sura simjui, ila jina namjua. Tangu nianze kazi hapa, kila baada ya muda huja dirishani kwangu: dada, hakuna abiria aliyekata tiketi kwa jina hili? Ulipokuja na kitambulisho chako nikasema alhamdulillahi, kumbe amempata."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba jana amekuja tena kuuliza."

Sauti alipanda ngazi. Mchana ule alitangaza mabasi kwa ukavu kiasi kwamba mzee mmoja aliuliza kama kuna msiba.

Jioni Bwana Vikombe alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa amefuta meza ya kibanda, na katikati ameweka kisanduku kidogo cha karatasi. Sauti alikifungua amesimama. Ndani kulikuwa na kikombe kipya, kimechapwa kwa dhahabu: *Sauti*. Na chini kabisa ya kikombe, pete.

Mwanamke mwingine angelia. Yeye alikishika kikombe mbali na mwili wake.

"Umekosea jina."

"Ndilo wanalokuita wote."

"Sikuulizi wote. Changu kiko kule juu."

"Kile ni kingine, mpenzi. Nisikilize." Alikuwa amejiandaa, ilionekana, maneno yalitoka yakiwa yamepangwa foleni. "Nataka kukuoa. Nakuomba kitu kimoja. Kwenye kadi tuandike Sauti. Nyumbani nikuite Sauti. Jina ni nini? Hata wewe husemi maana yake haijulikani?"

"Niite."

"Nini?"

"Niite jina langu. Mara moja. Nikiitika, navaa hii pete sasa hivi na kadi uandike unavyotaka."

Kijana alifungua mdomo. Basi moja lilitoka nje, likapiga honi, likaishia barabarani, na mdomo ule bado ulikuwa wazi na mtupu.

"Ni nani?" Sauti akauliza.

"Alikufa."

"Maiti hakati tiketi. Umemuulizia jana dirishani."

Aliirudisha pete kikombeni, ikalia kama kengele ndogo.

"Kuna mwanamke unamsubiri, nami nimekaa kwenye kiti chake nakipasha moto. Akija niinuke, siyo? Basi mimi nainuka mapema."

"Sauti."

"Huyo simjui," akasema, akaenda zake.

*

Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anakunja pindo za mapazia ya mteja. Sauti aliketi kwenye rundo la vitambaa bila kuvua viatu.

"Mama, nataka kubadili jina."

"Badili nguo kwanza, umekaa juu ya kazi ya watu."

"Sitanii. Jina hili lina nuksi. Sijui hata baba alilitoa wapi."

Mama akacheka, uzi mdomoni. "Baba yako, Mungu amrehemu, hakulitoa popote. Ile ya mama wa babu yake aliitunga wewe ulipokuwa na mwaka, mbele ya wageni. Ilipendeza, nikamwachia. Jina nililiokota mimi."

"Uliliokota wapi?"

"Kituo cha mabasi. Hicho hicho chenu."

Sauti alivua kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Nilikuwa na mimba yako," mama akaendelea, mguu unakanyaga, sindano inakimbia. "Miguu imevimba kama mikate, basi limeharibika njiani. Nimekaa mle ukumbini, kipaza sauti kikaanza kumwita mwanamke. Abiria huitwa mara tatu, si ndiyo? Huyu waliita mpaka mtangazaji akakauka koo. Mama fulani, mwanao yuko chumba cha matangazo. Ana shati la njano, ameshika kikombe cha bati cha bluu, anasema umemwambia akushikie. Mwanzo watu walicheka, ile habari ya kikombe. Baadaye hakuna aliyecheka. Ilipofika jioni wakaacha kumwita, na lile jina likabaki hewani. Zuri vile. Sijawahi kulisikia kabla wala baada. Nikasema, kama mwenyewe halitaki, nitalichukua mimi."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Mama. Mwenye kikombe."

Cherehani ikasimama.

"Sikumwona. Nilimsikia tu akilia, nyuma ya yule mtangazaji. Basi langu likatengenezwa, nikapanda." Mama alimgeukia. "Unanitazama nini hivyo? Nilikuwa binti kama wewe, na tumbo mbele. Ulitaka nipande na watoto wawili?"

Sauti hakuwa anamtazama mama. Kwa macho ya moyo alikuwa anatazama kalamu za kule kibandani, kwenye kikombe cha bluu kilichobanduka mdomoni.

*

Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa.

"Nilijua utapiga," Bwana Vikombe akasema.

"Aliyekwambia umshikie kikombe, hajarudi bado?"

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Nani amekuambia?"

"Mama yangu."

"Mama yako ananijua?"

"Anakijua kilio chako." Akamweleza yote, polepole, jinsi alivyoelezwa: miguu iliyovimba, basi bovu, jina lililoachwa hewani. Alidhani akimaliza watalia pamoja. Alichosikia kilikuwa kicheko kifupi, kikavu.

"Kwa hiyo alikaa pale. Akanisikia. Akachagua jina la mtoto, kama mtu anayepita kwenye msiba wa watu akaondoka na kiti."

"Alichukua kilichotupwa."

"Hakikutupwa." Sasa sauti ilipanda. "Alikwenda kununua maji. Alisema shika hiki, nakuja sasa hivi. Kwa shangazi nililelewa nikiambiwa amekufa, nami nawaambia watu amekufa, ni rahisi zaidi. Lakini maiti yake hakuna aliyeiona. Nikaja kufungua kibanda pale pale aliponiacha, nikaweka jina lake juu, aliyelizoea asiweze kupita bila kulisoma. Na kweli, mwenye jina hakupita. Ukasimama wewe."

"Ukadhani nimetoka kwake."

"Nilidhani wewe ni njia. Mwanzoni."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikupenda, ndipo ikawa mbaya zaidi. Nikitaka kukuita, koo linafunga. Nikikuita ukaitika wewe, basi nimeacha kumwita yeye. Unaelewa?"

"Naelewa. Umeota ndevu tangu hapo, mpenzi wangu, naye bado yuko kwenye foleni ya maji. Mimi nikae bila jina mpaka anywe?"

Alijua amepita mpaka kabla sentensi haijaisha. Simu ilikatika, na safari hii haukuwa mtandao.

*

Asubuhi kibanda kilikuwa kimefungwa. Keshokutwa yake kilikuwa wazi, lakini rafu zilikuwa tupu na sakafuni kulikuwa na maboksi yaliyozungushiwa utepe wa gundi. Dada mkata tiketi alipanda ngazi akihema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa bosi.

"Shoga, anaondoka. Basi la saa nane, kwa shangazi yake. Nimemuuliza ya kurudi, akasema hahitaji."

Sauti alitazama saa ya ukutani, akatazama chini kupitia kioo. Alikuwa pale, katikati ya ukumbi, koti la kijivu lililomkaa vibaya mabegani, boksi moja chini ya kwapa. Kwenye mkono wa pili alishika kile kikombe cha bati. Si kwa kukipakia. Alikuwa amekishika tu, kwa sikio lake, wima, kama kimejaa kitu kitakachomwagika. Na ghafla Sauti alimwona wa zamani, mwenye shati la njano, na akaelewa kwamba mtu huyu hajawahi kukiweka chini.

Basi la saa nane liliingia kwenye nafasi yake. Abiria wakaanza kujipanga.

Alijua kanuni. Kipaza sauti ni cha mambo ya kituo. Alimjua pia anayetangazia kuku. Akakivuta kipaza sauti karibu na mdomo, akabonyeza kitufe.

Akalitaja jina lake.

Alikuwa hajawahi kulisikia likitoka kwenye vile vipaza sauti. Lilikuwa kubwa, lilijaza paa lote. Ukumbi uliendelea na mambo yake. Mtu mmoja tu alisimama kama aliyepigwa jiwe.

"Unaombwa ufike kwenye kibanda cha vikombe. Kuna mtu amekushikia kikombe chako."

Simu ya mezani ikaanza kulia. Ni mkuu wa kituo. Aliiacha ilie, akalitaja jina mara ya pili. Sasa watu walianza kuinua vichwa. Wazee waliokuwa wakisafiri tangu enzi na enzi walitazamana, kama waliokumbuka harufu fulani. Kijana wa koti la kijivu alikuwa amegeukia mlango wa mabasi na uso wake hauonekani.

"Huu ni wito wa tatu," Sauti akasema, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile sauti yake ilitetemeka, "na ni wa mwisho."

Akalitaja. Akazima. Akavua vifaa vya masikio na kutoka, mlango ukabaki wazi, simu ikalia peke yake.

Aliteremka ngazi. Watu walimpisha bila kujua kwa nini, masanduku yakavutwa, mama mmoja akamvuta mwanawe. Alipofika mbele ya kibanda alisimama, sketi ya bluu, kitambaa cha njano kimepinda.

"Nimeitwa," akasema. "Nimekuja."

"Hukuitwa wewe." Midomo yake haikuwa na rangi. "Unajua hukuitwa wewe."

"Limeitwa jina langu mara tatu. Sikuona mwingine akiinuka. Wewe umeona?"

Alidhani ataapiza. Badala yake kijana aligeuka, akautazama ukumbi. Aliutazama kweli, benchi kwa benchi, kila mwanamke wa umri ule, aliyekaa, aliyesimama na tiketi, aliyelala na mdomo wazi juu ya mzigo. Sauti alimwacha atazame. Hakumharakisha. Alijua kwamba akimaliza huenda akapanda basi, na kwamba hatakuwa na la kusema tena.

"Hakuna," kijana akasema mwishowe. Lilikuwa neno dogo, lakini alilitoa kama mtu anayetua gunia.

"Basi nipe kikombe. Mkono umekuchoka."

Hakumpa mara moja. Kisha akampa. Vidole vyake vilibaki vimekunjwa vile vile, vina umbo la sikio la kikombe, na Sauti akaviingiza vyake humo.

Ndipo kijana akalisema. Hakuliita, alilisema tu, kwa sauti ya chini, kama anayeonja chai kujua kama imepoa. Lilitoka limekwaruzika.

"Abee," akaitika.

Akalisema tena, vizuri zaidi. Nje basi la saa nane lilipiga honi, likapiga tena, halafu likarudi nyuma na kuondoka na kiti kimoja kitupu. Hakukuwa na wa kulitangaza.

"Pete iko wapi?"

"Kwenye boksi."

"Lipi?"

Akayatazama maboksi yote, yamefungwa sawasawa, hayana alama. "Sijui," akasema, na akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, jambo lisilompendeza mwanamume usoni.

"Tutafungua yote. Na kile cha rafu ya juu?"

"Hakiuzwi."

"Nani ananunua? Ni changu."

Mkuu wa kituo alifika, tai imemgeukia begani, funguo zikilia kiunoni.

"Binti, mtambo wa kituo umeufanya wa mambo yako ya mapenzi. Abiria wananiuliza nani amepotea. Saa hizi utapanda juu, utawaomba radhi wote kwa kipaza sauti hicho hicho, halafu tutaona kama una kazi. Umenisikia, Sauti?"

"Nimekusikia, mkuu. Ila Sauti si jina langu, na kuanzia leo sitaliitika."

Watu walicheka. Dada mkata tiketi alikuwa ameacha dirisha lake na foleni yake. Hata mpenzi wake alimvuta mkono, machozi hayajakauka, akimnong'oneza.

"Mwombe tu, mpenzi, kazi isiende. Na mimi uniombe kidogo. Kituo kizima nilikiambia mama yangu ni marehemu, nawe umenivua nguo mchana kweupe."

Mwenye jina alikiangalia kikombe cha bati, akakipangusa mdomo kwa ncha ya kile kitambaa cha njano. Alimwangalia mkuu, akamwangalia mchumba wake. Hakupandisha sauti, hakuwa na haja, ukumbi ulikuwa kimya mpaka mlangoni.

"Kanuni ya hapa ni kumwita mtu mpaka afike," akasema. "Nimemwita, amefika. Siombi radhi. Yako wewe siombi, mkuu, na yako wewe, mume wangu, ndiyo siombi kabisa."